Mchoraji wa nganya naye ni msanii

Hapa Riruta ninapoishi, maonyesho ya sanaa hayana tiketi. Hupita Barabara ya Naivasha tangu alfajiri yakipiga honi: nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa sura za wanamuziki na wanasoka. Si mbali na hapa, Lavington, ipo Circle Art Gallery, waandalizi wa mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ulioanza 2013. Mnadani, picha ina jina la mchoraji na bei yake. Barabarani, abiria hulipa nauli na mchoraji mara nyingi hajulikani.

Wengi husema tofauti ni ubora. Mimi naona sheria na pesa zimechangia zaidi. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilizivika matatu mstari wa manjano na michoro ikafutwa. Ikabidi Rais Uhuru Kenyatta, mwaka 2014, aseme vijana waachwe wachore. Picha za sebuleni hazikungoja ruhusa hiyo.

Sheria ya Hakimiliki iliporekebishwa 2019, ilimpa msanii asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena katika biashara ya sanaa. Ni hatua njema. Lakini matatu ikiuzwa, huuzwa kama gari. Aliyeichora hapati kitu, ingawa pengine michoro yake ndiyo iliyovuta abiria.

Nasi watu wa Pwani tusicheke. Leso ya Kaderdina wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, hubeba alama ya "Mali ya Abdulla". Lakini aliyetunga jina la leso, yale maneno tunayopelekeana ukweni na kwa majirani, nani anamjua?

Sisemi kila nganya ni sanaa bora. Nyingine ni kelele za rangi tu, kama zilivyo baadhi ya picha za ukumbini. Ninachotaka si kikubwa: mchoraji aandike jina lake mlangoni pa gari, makubaliano yake na mwenye gari yawe kwa maandishi, na idara za utamaduni za kaunti zipige picha kazi hizi kabla hazijapakwa rangi upya. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Basi kwanza tumjue mwenye chanda.