Barua ya wazi kwa Mgeni Rasmi aliyeondoka na sangara wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Uliukubali mwaliko wa klabu yetu ya watoto wavuvi hapa Mwanza. Jina lako silitaji. Unajijua, na watoto 22 wanakujua.

Ratiba uliletewa mapema: saa 12 alfajiri kuvua, samaki kupimwa na kurudishwa ziwani papo hapo, saa 3 nasaha zako. Ulifika saa 5 na robo. Hilo nimelisamehe, maana kusubiri wakubwa tumezoea.

Saa 1 na dakika chache, binti wa darasa la sita alinasa sangara. Chambo furu, ndoano moja, fimbo niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu. Alivutana naye karibu nusu saa, mikono ikimtetemeka, akikataa kusaidiwa. Tepu ikasoma sentimita 112. Hakuna aliyehitaji kuambiwa la kufanya. Wa chini ya 50 sheria inamlinda. Wa juu ya 85 tunamrudisha sisi wenyewe, kwa sababu sangara wa ukubwa huo karibu wote ni majike, na jike mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Binti alikuwa ameshainama amwachie.

Simu yangu ikaita. Msaidizi wako: samaki asirudishwe mpaka mgeni rasmi afike, apige naye picha.

Nikatii. Miaka 31 ya ualimu, na neno "hapana" likanikwama kooni. Tulimpitishia kamba mdomoni, tukamfunga kwenye jiwe, maji ya magotini. Watoto walikuwa wanatazama. Jua likapanda, akaanza kulala ubavu; binti akawa anamwinua kwa viganja, anamwinua tena. Ulipokuja ukamshika mashavuni, ukatabasamu, ukahutubia juu ya kuvitunzia rasilimali vizazi vijavyo huku maiti inakuning'inia mkononi. Watoto walikuwa wanatazama. Kisha dereva akafungua buti ya gari, na watoto walikuwa wanatazama.

"Mwalimu, si tulisema anarudi?" Mpaka leo sijamjibu.

Jumamosi iliyofuata walikuja watano. Wawili kati ya wasiokuja nimeambiwa siku hizi wanavuta kokoro, wavu haramu, na kaka zao. Nilipowafuata, mmoja alinijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo Mwalimu. Kwani yule wa siku ile si aliliwa?" Nilikuwa na somo la miezi minane kichwani mwa mtoto huyo. Wewe ulilifuta kwa picha moja, nami nilikushikia kamba.

Usinijibu kwamba sangara mwenyewe ni mgeni humu. Najua aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, na najua alivyozimaliza aina nyingi za furu. Mabaya yake niliwafundisha watoto kabla ya mazuri. Lakini leo ndiye anayelisha viwanda vya minofu na nusu ya nyumba za mwaloni, na ukimaliza majike makubwa umemaliza na mbegu. Kisiwani Rubondo, watalii wanalipa ili wamvue, wampime, wamwachie. Kule Watamu, Kenya, sulisuli hupachikwa alama na kurudishwa baharini. Hapa kwetu anarudishwa na watoto, mpaka mkubwa atokee.

Na mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu, nyavu za wavuvi zilichomwa moto mbele ya wake zao. Mwenye mtumbwi akikutwa na sangara mfupi, hana wa kumpigia simu. Kipimo kinamhusu anayetembea peku tu? Nauliza pia, kwa heshima zote, bondo la yule sangara, kile kifuko chake cha hewa, lilikwenda wapi. Sangara wa sentimita 112 si kitoweo tu, Mheshimiwa. Mwaloni kila mtu anaijua bei ya mabondo.

Fedha sidai. Nataka mambo mawili. Picha ile, inayosifiwa kama "uhamasishaji wa vijana katika uhifadhi", iondolewe ukutani mwa ofisi yako. Kisha uje umwambie binti yule, wewe mwenyewe na si kupitia msaidizi, kwamba alikuwa sahihi alipoinama. Mimi nitakuwa nimeshamwambia la kwangu.

Jumamosi tupo, saa 12 alfajiri, watano na mimi. Vaa viatu vya kulowa. Mpiga picha mwache nyumbani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Mwanza