NI NANI JIRANI YA MHANDISI?



1. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa hadharani kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikwisha fika 16. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara likaanguka Kariakoo, na watu 31 wakapoteza maisha. Mara zote mbili tulisikia, hata miongoni mwetu, neno lile lile: "Ni mapenzi ya Mungu." Sisi tunalikataa neno hilo. Mungu hachanganyi zege, wala hapigi mihuri kwenye michoro.

2. Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Tukiisha kuwaondolea lawama waliokufa, haki yataka tuwaulize waliojenga. Na yeyote ajengaye Mchafukoge, ambako kuta zimebanana na barabara haipumziki, hana budi kuzijua kanuni tatu za sheria.

3. Kwanza, wajibu kwa jirani. Mwaka 1932 Lord Atkin, jaji wa Uingereza, alipoamua shauri la mwanamke aliyekunywa kinywaji chenye konokono chupani, alilirudia swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu: jirani yangu ni nani? Sheria ikajibu: ni yule unayeweza kuona mapema kwamba uzembe wako utamdhuru. Mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu ikiwamo, zimeupokea msingi huo. Basi jirani ya mhandisi si tajiri amlipaye peke yake. Ni mchukuzi, mama lishe na mwenye meza ya mitumba aliyeketi chini ya ukuta. Hao hawakutia sahihi mkataba wowote, na hakuna mkataba uwezao kuwanyang'anya haki yao.

4. Pili, sahihi ni dhamana. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 imempa mhandisi heshima ya kusajiliwa ili umma upate wa kumtegemea. Anayeuza muhuri wake kwa kazi asiyoisimamia anauza imani ya watu, na Bodi yaweza kumfuta.

5. Tatu, uzembe unaoua ni jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 195, husema kuua bila kukusudia kwaweza kutokana na tendo, au hata na kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kunyamaza mbele ya nguzo yenye nyufa ni kuacha wajibu huo.

6. Wengine hujitetea: "Mwenye nyumba ameniagiza, nikikataa atamtafuta mwingine." Twajua kwamba njaa ni kali na kazi ni chache. Lakini agizo la tajiri halifuti Amri ya Tano, wala mahakama haimwachilii mtu kwa sababu alilipwa ili akosee. Aliyekataa amepoteza ujira. Aliyekubali amehatarisha roho za watu.

7. Wala tusiwanyoshee kidole wahandisi peke yao. Parokia inayojenga ukumbi kwa michango ya jumuiya, ikamwachia fundi akadirie nondo kwa macho "ili kuokoa fedha", imo katika kosa lile lile. Halmashauri ya walei isiidhinishe shilingi moja ya ujenzi pasipo kibali, michoro, na mhandisi aliyesajiliwa anayefika kazini mwenyewe.

8. Na kila jumuiya itazame mtaani mwake. Jengo linalopanda liwe na bango lenye jina la mhandisi na la mkandarasi. Lisipokuwepo, au ukiona watu wakichimba chini ya nyumba yenye wapangaji, peleka habari serikali ya mtaa na kwa Bodi, kwa maandishi, na utunze nakala. Kuwaombea marehemu ni wajibu wetu. Kuwalinda walio hai ni wajibu uliotangulia.