Lasania ya Sosi Nyeupe: Ladha, Lishe na Halali



Wapenzi wasomaji, lasania imekwisha kuwa mgeni mwenyeji katika meza zetu za ftari na mialiko. Asili yake ni Italia, na mji wa Bologna husifika kwa tambi bapa zilizokandwa na spinachi, zikapangwa tabaka kwa tabaka pamoja na kima na sosi nyeupe, kisha zikaokwa.

Sosi hiyo ndiyo siri ya ulaini wake. Huyeyushwa gramu 50 za siagi, zikakaangwa na gramu 50 za unga wa ngano kwa moto mdogo hadi ubichi uondoke. Hutiwa nusu lita ya maziwa kidogo kidogo, huku mpishi akikoroga bila kuacha ili unga usifanye madonge. Chumvi, pilipili manga na kungumanga hukamilisha ladha.

Nusu lita hiyo ya maziwa ina takriban gramu 16 za protini, pamoja na kalsiamu ya kuimarisha mifupa. Ni neema kwa mtoto anayekataa maziwa ya kikombe. Hata hivyo, siagi hiyo ina takriban gramu 40 za mafuta, nasi hatujatia jibini bado. Basi mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu tumkatie kipande kidogo, kachumbari iwe nyingi. Nasi tupunguze jibini, tuzidishe mchicha, karoti na biringani baina ya matabaka.

Lililo zito zaidi ni uhalali. Kima cha asili cha Bologna hutiwa nyama ya nguruwe na mvinyo. Kwa hivyo mapishi ya kigeni tusiyafuate kwa upofu. Jibini nayo huenda imegandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama. Ikiwa ndama huyo hakuchinjwa kisheria, wanavyuoni wamehitilafiana, na madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, hayairuhusu. Tusome maandishi ya pakiti, tuchague yenye alama ya halali au iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha mimea. Palipo na shaka, tuiache. Sosi yenyewe yatosha kuinogesha sinia.

Chakula chema huanzia kwenye kapu la sokoni, si mezani. Na kikishaiva, jirani asisahauliwe.

Wabillahi tawfiq.