Neno Peke Yake Si Elimu

Msomaji, leo nina ugomvi nawe, na kabla sijauanza yanipasa kukiri kwamba asili yake ni kosa langu mwenyewe.

Siku moja, katika darasa nililokuwa nikifundisha huko Rangwe, nilimwuliza mwanafunzi maana ya osmosisi. Akasimama, akaieleza kwa Kiingereza neno kwa neno kama ilivyoandikwa kitabuni, nami nikamsifu mbele ya wenzake. Kisha nikamwuliza kwa nini samaki akipakwa chumvi hutokwa na maji. Akanyamaza. Mama yake alikuwa akiuza samaki wa chumvi sokoni, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimsaidia kuwapaka. Maji yalikuwa yakitoka katika seli za samaki, yakipenya tando zake nyembamba na kufuata penye chumvi nyingi. Alilolikariri na alilolitenda kwa mikono yake lilikuwa jambo moja, wala hakujua. Sifa niliyompa ilimfaa kasuku.

Tangu siku hiyo naichukia desturi yetu ya kuyafanya maneno ya Kiingereza kuwa hirizi. Mwanafunzi huivaa siku ya mtihani, na siku ya pili huivua akaitupa. Huchora volkeno ya Italia iliyo kitabuni, hali Mlima Homa, ulio volkeno ya kale, uko katika kaunti yake, nao una miamba ya kabonatiti, ambayo ni adimu duniani.

Wako wasemao kwamba hapana njia nyingine, kwa kuwa lugha zetu hazina maneno ya sayansi. Nami nauliza: Waingereza waliyapata wapi yao? Neno lao fotosinthesisi limeundwa kwa Kiyunani, kwa kuunga neno la nuru na neno la kuunganisha. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo, kikapata usanisinuru. Neno lava lilitoka Italia. Na ule mti tuuitao mwegea, au yago kwa Kijaluo, wataalamu wa dunia nzima huuita Kigelia africana. Na hilo jina Kigelia limetokana na jina la mti huo katika lugha ya Kibantu ya Msumbiji. Ikiwa sayansi haikuona haya kukopa kwetu, mbona sisi twaona haya kukitumia kilicho chetu?

Wala si kweli kwamba hakuna aliyefanya kazi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 1998 John Kokwaro na Timothy Johns walitoa kamusi ya biolojia ya Kijaluo. Vitabu vipo, wasomaji ndio haba.

Utanijibu kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, wala sikukatazi Kiingereza. Jifunze, tena ukijue barabara, kwani ndicho kitakachokufungulia vitabu vingi. Ninalokukataza ni kudhani kwamba ukishalitamka neno umekijua kitu. Mvuvi wa ziwani huenda hajapata kulisikia jina Protopterus aethiopicus, lakini amemwona kamongo akipanda juu ya maji kuvuta hewa. Wewe uliyekariri jina hilo usijue kwamba samaki huyo hupumua kwa mapafu, ni nani kati yenu aliye karibu zaidi na elimu?

Basi fanya hivi. Kila neno geni la sayansi ulipatalo, liandike daftarini, na kando yake uandike jina la Kiswahili na la lugha ya nyumbani kwenu, kama yapo. Kisha nenda ukamweleze nyanya yako jambo lenyewe, bila kulitaja neno la Kiingereza. Akielewa, umejifunza. Asipoelewa, usimcheke, rudi kitabuni ukasome tena.