Starehe ya Majini Si Uvivu

Mwezi wa Agosti mmoja, shule zilipofungwa, mimi na mke wangu tulikodi mashua ya injini katika mji wa Homa Bay. Nia yetu ilikuwa kufuata ukingo wa ziwa polepole, siku kwa siku, mpaka Muhuru Bay katika Migori. Hatukuwa na mzigo wa kuuza wala kesi ya kusikilizwa. Jirani yetu mmoja alipotuona gatini na kikapu cha chakula alitujia mbio, uso umejaa huruma, akasema, "Pole, Mwalimu. Pole, Mama. Nani amefariki?" Nilimjibu kwamba hapana aliyefariki, twaenda kulitazama ziwa tu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi pole zaidi."

Msomaji, wewe nawe huenda umecheka. Lakini jaribu kukumbuka ni lini uliona mume na mke wa kwetu wakipanda chombo kwa sababu maji ni mazuri na wao wana nafasi. Sisi hupanda chombo kwa soko, kwa samaki au kwa maziko. Jirani yangu hakuwa mjinga. Alisema lile ambalo watu wengi huamini: kwamba kusafiri majini bila dharura ni wazimu, uvivu, au anasa ya wageni. Nakusudia kulipinga wazo hilo.

Katika nchi za Ulaya, miezi ya joto iwadiapo, kuanzia Juni hadi Agosti, utawaona mume na mke, aghalabu wazee waliokwisha kustaafu, wakishuka mto Rhine au Danube katika mashua ndogo. Hulala hapa leo na pale kesho. Hununua mkate katika kijiji kimoja na matunda katika kijiji kingine. Kusini mwa Ufaransa uko mfereji uitwao Canal du Midi, uliokamilika mwaka 1681. Ulichimbwa kwa ajili ya biashara, si kwa matembezi. Reli na malori yalipouondolea mizigo, mashua za matembezi ziliupa uhai mpya, na mwaka 1996 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wale hawakutupa njia yao ya maji siku ilipokoma kubeba magunia. Waliitafutia kazi ya pili, nayo kazi hiyo ni kuwafurahisha watu.

Na sisi je? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya hapo meli zilizunguka ziwa lote, zikiunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika Ghuba ya Winam zilitia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli nazo ziligawanywa, safari za kuzunguka zikafifia, na katika miaka ya 1990 gugumaji likaja kuziba bandari zetu. Barabara za lami zilipofika, tulilipa ziwa kisogo. Mwanafunzi wa Migori aweza kutaja miji iliyo kandokando ya Danube, lakini ukimwuliza mto Kuja, uliokwisha kuungana na mto Migori, unaingia ziwani mahali gani, hutazama dari.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema, "Hayo ni mambo ya matajiri." Huyo namwuliza: mbona fedha za kukodi magari ya arusi huwa hazikosekani? Gharama ya safari yetu tuligawana na wasafiri wengine wawili, na kila mmoja alitoa kiasi ambacho wengi wetu hukitumia mjini katika mwisho wa juma mmoja bila kukumbuka kilikokwenda. Sikatai kwamba wapo wasioweza kutoa hata hicho. Lakini wengi wasemao hatuna uwezo, walichokosa ni mazoea.

Wa pili atasema, "Ziwa linaua." Huyu namheshimu, kwa sababu hasemi uongo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Lakini tazama sababu. Katika misiba yote miwili chombo kilikuwa kimejazwa watu kupita kiasi chake. Ziwa halikuzikata tiketi zile. Sisi wenyewe tulipofika gatini, mwenye mashua alikuwa na jaketi moja la kuokolea kwa abiria wanne, akacheka tulipokataa kuondoka. Tulikaa chini tukangoja. Baada ya saa mbili majaketi mengine matatu yalipatikana, tena hayakutoka mbali. Basi yalikuwapo siku zote! Yalikosa mtu wa kuyadai. Msafiri wa dharura hadai kitu, kwa kuwa ana haraka ya kufika. Msafiri wa starehe ana nafasi ya kukaa chini na kungoja haki yake. Kwa hiyo wasafiri wa namna hiyo wakiongezeka, usalama wa wote utaongezeka.

Wa tatu atasema, "Wavuvi wetu wanalijua ziwa, inatosha." Kweli wanalijua, na hakuna chuo kitakachowashinda. Lakini mvuvi hulitazama ziwa kama mkulima atazamavyo shamba lenye deni. Macho yake yako wavuni. Si haki kumwachia yeye peke yake kazi ya kulipenda.

Sasa nitakueleza tuliyoyaona. Tuliondoka asubuhi, maana upepo wa alasiri huinua mawimbi, na kilima cha Asego kikawa kinapungua nyuma yetu hata kikafanana na kofia. Mnandi walikuwa wameanika mabawa juu ya mawe, na furukombe alilia kutoka mtini kana kwamba anatuuliza ruhusa ya kupita. Huko Mbita tulipita chini ya daraja linaloiunganisha Rusinga na bara. Zamani palikuwa na tuta la mawe na udongo lililouziba mlango ule, na daraja lilipojengwa maji yakapata njia tena. Rusinga tulilizuru kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969.

Kisiwa hichohicho kina habari nyingine ikupasayo. Mwaka 1948 Mary Leakey, aliyekuwa akichunguza pamoja na mumewe Louis, aligundua hapo fuvu la mnyama wa kale aitwaye Proconsul, wa jamii ya nyani wakubwa, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Baadaye mume na mke hao walikuwa na mashua yao, Miocene Lady, waliyoitumia kwenda kisiwani. Hawakuja kustarehe, walikuja kazini. Lakini walikuwa na subira ya kutazama, na waliona kitu ambacho watu wenye haraka walikuwa wakikipita kila siku.

Tulilala Mfangano. Usiku taa za wavuvi wa dagaa, ambao huku huitwa omena, zilitanda majini hata ungedhani mji mzima umehamia ziwani. Siku ya pili tulifuata milima ya Gwassi kuelekea kusini, na alasiri tukaingia katika ghuba ya Karungu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya niandike. Mke wangu alizaliwa Karungu. Utotoni aliteka maji ya ziwa hilo kwa mtungi na kuanika dagaa ufukoni, lakini vyombo vilikuwa vya wanaume. Umri wake sasa umepita miaka 50. Nahodha alipopunguza mwendo, mke wangu alisimama ghafula, akashika ukingo wa mashua na kutazama: mwamba, mti wa mtini, na boma la baba yake juu ya mteremko. Alikuwa hajapata kuliona kutoka majini hata siku moja. Alikaa kimya mpaka mashua iligusa mchanga, ndipo aliponiambia, "Kumbe kwetu ni pazuri hivi, na hapana aliyeniambia."

Msomaji, shabaha ya maneno yangu ni hiyo. Mtu asiyejua kwamba kwao ni pazuri hatapatetea. Takataka zikitiririshwa mtoni atanyamaza, kingo zikiuzwa atanyamaza, na akipata nauli atakwenda kustaajabia mito ya wengine. Haraka imetufundisha kuliona ziwa kama ghala, njia na jalala. Starehe yaweza kutufundisha kuliona kama nyumbani.

Basi usingoje uzee wala utajiri. Jifunze kuogelea mahali salama, ukiwa na mtu mzima ajuaye. Likizo ijapo, waombe wazazi wako siku moja, baba na mama pamoja, si baba peke yake. Chagueni asubuhi tulivu na chombo kisichojazwa. Kila mmoja avae jaketi, na likikosekana hata moja, kaeni chini gatini mngoje. Mtu akiwauliza nani amefariki, mjibuni kwa adabu kwamba wote ni wazima, na kama ipo nafasi, mkaribisheni apande.