Kazi ya sitaha hainunuliwi

KUTOKA GATINI
Na Rashid Mwinyikai

Kijana wa Kisauni, Temeke au Wete anayetafuta kazi ya ubaharia wa sitaha huulizwa mambo mawili: vyeti na pesa. Kuulizwa vyeti ni haki. Kudaiwa pesa ni wizi, na umezoeleka mno katika pwani yetu.

Vyeti vinajulikana. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, uliorekebishwa Manila mwaka 2010, unadai baharia ajue kujiokoa majini, kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza na kulinda usalama wake na wa wenzake. Mafunzo hayo yapo katika chuo cha ubaharia cha DMI, Dar es Salaam, na Bandari Maritime Academy, Mombasa. Ongeza pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Daktari hupima hata uwezo wa kutofautisha rangi, maana mshika zamu wa usiku hana budi kutambua taa nyekundu na ya kijani za meli inayomjia.

Mlima uko kwingine. Ili upate cheti cha kushika zamu, unatakiwa uwe umefanya kazi melini miezi sita, au upate mafunzo maalumu pamoja na miezi isiyopungua miwili baharini. Bila meli hupati miezi hiyo, na bila miezi hiyo meli hazikutaki. Hapo ndipo dalali anapojitokeza na ahadi zake, na mzazi anauza kiwanja.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazobeba baharia ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli.

Na kazi yenyewe ni ngumu. Mchana unakwangua kutu na kupiga rangi juu ya chuma kinachochoma kupitia soli ya kiatu. Meli ikifika gatini saa tisa usiku, unaamshwa ukafunge kamba. Kamba ya nailoni iliyokazwa ikikatika hurudi kwa kasi inayovunja miguu na kuua, na aliyechoka ndiye anayesahau kukaa mbali na mkondo wake. Ndiyo maana sheria inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, na baharia apewe nakala ya kumbukumbu za saa zake. Aliyeingia kwa deni la dalali huogopa kuidai nakala hiyo. Huvumilia hata mshahara unapochelewa, kwa hofu ya kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Serikali zetu zina matagi na vivuko. Ziweke nafasi za wanafunzi wa sitaha katika kila chombo, kwa zamu, zitangazwe hadharani, na dalali atakosa cha kuuza.

Nawe mzazi, lipa chuo, lipa daktari, kisha soma mkataba pamoja na mwanao kabla hajatia saini. Anayekudai ada ya kazi, hifadhi ujumbe wa muamala uliomtumia na uupeleke kwa mamlaka ya bahari, KMA, ukiwa Kenya, au kwa shirika la uwakala wa meli, TASAC, ukiwa Tanzania Bara.