Watazamaji wa Safari Rally si Pambo la Picha

Kila mara mbio za magari za Safari Rally zinaporejea Naivasha, magazeti na mitandao hujaa picha za aina mbili. Ya kwanza ni ya gari likiruka tuta, vumbi likilifuata kama mkia. Ya pili ni ya watu: watoto waliokwea mti, vijana waliofunga vitambaa puani, mwanamke aliyejitanda leso kichwani akiikodolea macho barabara tupu. Picha ya kwanza huwa na maelezo kamili: jina la dereva, jina la mwelekezi wake, aina ya gari na mkondo lilipopigwa. Chini ya picha ya pili huandikwa neno moja tu: "Shamrashamra."

Tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha leo. Sidai kwamba watazamaji wasipigwe picha. Nadai kwamba wapigwe kama raia, wala si kama pambo la mashindano ya watu wengine.

Mwaka mmoja nilikwenda Kedong pamoja na wanafunzi wawili, mmoja wao akiwa na kamera ya kuazima. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Jua la Bonde la Ufa, katika mwinuko unaokaribia mita 1,900, halina huruma kwa asiye na kofia, na vumbi la pale ni laini kama unga; gari likipita, hukaa hewani mpaka lifuate jingine. Mwanafunzi wangu alimwona mama mmoja mchuuzi wa maji, akimkinga mwanawe jua kwa kipande cha boksi. Akapiga picha mara tatu. Mama akamwita.

"Mwanangu, hiyo picha inakwenda wapi?"

"Ni ya kuonyesha hali ilivyo hapa, mama."

"Hali ya nani?"

Kijana akanyamaza. Mama akaendelea, bila hasira: "Basi andika kwamba maji haya nimeyaleta kwa bodaboda kutoka mjini, na kwamba tangu asubuhi hatujapata kivuli." Kisha akamtajia jina lake.

Katika miaka yangu ya kufundisha, ni nadra kusikia somo la upigaji picha lililo fupi na kamili kuliko lile.

Kumsahau mtazamaji si jambo la jana. Mbio hizi zilianza mwaka 1953, zikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za kawaida. Kwa miaka mingi zilifanyika majira ya Pasaka, msimu wa mvua. Magari yalipita milangoni pa watu, na yalipokwama matopeni, watu hao hao waliyasukuma. Tunawakumbuka, na kwa haki, Joginder Singh aliyeshinda mara tatu na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Lakini zitazame picha za zama zile: mara nyingi dereva ana jina, na mabega yaliyolikwamua gari lake ni ya "wenyeji".

Baada ya mwaka 2002 mbio zilitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia, zikarejea mwaka 2021 kwa umbo jingine. Sasa mikondo hufungwa, mingine ikiwa ndani ya ranchi na hifadhi za wanyama. Gari halimfuati tena mtazamaji mlangoni. Yeye ndiye anayesafiri kulifuata, akasimama alipoelekezwa. Mwenye uwezo huketi hemani penye kinywaji baridi. Asiye nao husimama juani. Picha moja pana, inayoonyesha hema na jua kwa pamoja, hueleza jambo hilo kuliko hotuba kumi. Kwa kuwa serikali hutia fedha za umma katika mbio hizi, picha ya namna hiyo ni ushahidi halali katika mjadala wa matumizi yake.

Nitaulizwa: je, mpiga picha amwombe ruhusa kila mtu katika umati wa maelfu? Haiwezekani, na mara nyingine kuomba kabla huua kile kilichokuwa kinatokea. Sheria nayo inaujua ugumu huo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, lakini sheria hiyo imeacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa. Hata hivyo, nafasi hiyo si kibali cha kila mwenye simu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa hiyo tutofautishe. Umati ukionekana kwa mbali ni mandhari ya hadhara. Uso mmoja ulioukaribia na kuutenga na wengine ni mtu, na anastahili kuulizwa, hata kama ni baada ya kupiga. Mtoto aulizwe mzazi wake. Aliyezimia kwa joto apewe maji kwanza, kamera isubiri.

Wanafunzi wangu, chukueni kalamu pamoja na kamera: mtu wa picha yenu ni nani, ametoka wapi, ana neno gani? Nanyi mnaoketi maofisini, msizitumie picha hizi kupamba ripoti pekee. Zihesabuni kwazo turubai, matangi ya maji na vyoo, kisha mtuambie ni vingapi vilikuwa upande wa mahema na vingapi upande wa jua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja mwaka baada ya mwaka. Kupona kwa mwenyeji ndiko tunakotaka kukuona.

Picha ya yule mama ilibandikwa darasani kwetu, kwa idhini yake. Chini yake pana jina lake, safari ya bodaboda, na sentensi ile ya kivuli. Neno "shamrashamra" halimo.